Digna na Wapishi wa Mtungi

Baba Paroko, ndugu, majirani na marafiki mliopanda huku Kibosho kumsindikiza Digna, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake nawaomba mkae kidogo msikilize habari zake kwa mara ya mwisho.

Marehemu Digna Kalisti Mallya alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 hapahapa kijijini, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kalisti na Mama Theopista, ambaye tumemketisha hapa mbele, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na wakubwa mnaikumbuka Desemba ya 1986, siku za maandalizi ya harusi ya baba yake mdogo Sirili, alipouona mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wa mama yake una utando ndani, akausugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka ukang'aa, akidhani anasaidia. Mbege ikagoma kuchacha, wageni wakanywa chai harusini, na Mama Theopista, badala ya kumchapa, akamwambia, "Mwanangu, umewaua wapishi wangu wote." Jirani Mama Monica aliwapa machicha ya mtungi wake, wapishi wakarudi, lakini Digna hakuacha kuuliza ni wapishi gani hao wasioonekana.

Swali hilo lilimpeleka sekondari, mwaka 1989 hadi 1995, kisha chuo kikuu, alikohitimu kemia mwaka 1998, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya kiwanda kinachogeuza molasi ya miwa kuwa spiriti, kule tambarare, ambako alikutana na Filemon Ngassa, fundi mitambo kutoka Shinyanga, wakafunga ndoa tarehe 8 Julai 2000 katika kanisa letu, Mungu akawajalia Zita mwaka 2001 na Godlove mwaka 2005.

Watoto wake aliwaeleza kazi yake huku akikanda unga wa maandazi, kwamba wale wapishi ni chachu, kiumbe hai kidogo mno, hula sukari, na kikikosa hewa hutoa kileo pamoja na yale mapovu, na kileo hicho kikisafishwa huwaka vizuri bila moshi. Kilichomuuma ni kuona mashina ya migomba, ambayo yangeweza kutoa kileo hicho, yakioza shambani huku akina mama wakilia machozi ya kuni mbichi, kwa sababu chachu ya kiwandani, hata alipozichemsha nyuzi za mgomba kwa dawa ili sukari yake ifunguke, ilikula sehemu na kuacha nyingine, kama mtoto anayemaliza nyama na kuacha ugali.

Mwaka 2016 mtungi wa mama yake ulipasuka, Digna akakusanya machicha yaliyobaki, akayatunza katika chupa na kuyapima miaka mingi, hadi akapata humo chachu moja iliyokula hata ile sukari iliyoachwa, polepole, lakini ilikula. Pasaka ya mwaka 2023 alileta kileo chake cha kwanza cha mashina ya migomba katika jiko la mama yake, jirani yetu mzee Remigius akachungulia mlangoni na kumtania, "Digna, umesoma miaka yote hiyo uje utupikie gongo?" naye akamjibu, "Hii ni ya jiko, baba, siyo ya koo," na chai ikachemka mbele ya macho yetu.

Agosti 2024 aligundulika na saratani ya kongosho, na hofu yake kubwa ilikuwa ile chupa, kwani chachu isipolishwa hufa, na mtungi haupo tena. Alimkabidhi Zita, ambaye ni fundi cherehani Majengo na hakuwahi kuipenda kemia, na kila Zita alipokwenda kumjulia hali hospitalini aliulizwa kwanza, "Wamekula?" na alipolia kwamba, "Mama, mimi nitawaua," Digna alimshika mkono akamwambia, "Hata mimi niliwaua, na bibi yako hakunichapa." Alituaga alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wafanyakazi wenzake waliopokezana kumuuguza kitandani, majirani mliotuletea maji, ndizi na kuni bila kuitwa, na wewe Filemon, uliyemlisha kwa kijiko mpaka mwisho.

Digna, leo asubuhi, kabla hatujakutoa ndani, Zita aliifungua chupa yako, mama yetu amesimama pembeni, akatia sukari, wakasubiri pamoja, na mapovu yakapanda. Wamekula, dada. Sasa nawe pumzika kwa amani.