Liste Yenye Haifutike

NADÈGE: Allô? Nani huyu? Namba hii siijue.

URBAIN: Ni mie, tonton yako Urbain. Mbote, mama.

NADÈGE: Mbote, tonton! Batu ya nyumba balamuka muzuri?

URBAIN: Muzuri. Nadège, ile liste ya majina ya wenye mitego ya samaki pale maporomoko, kila famia na pahali yake, ni weye njo uliiandika ku mashini?

NADÈGE: Ndiyo.

URBAIN: Bon. Ongeza jina moya. Sasa hivi.

NADÈGE: Haiwezekane. Nilishaifunga siku ya mukutano.

URBAIN: Ulifunga, utafungua!

NADÈGE: Tonton, faili yenye kufungwa hakuna mutu anaigusa. Ata mie.

URBAIN: Futa basi, uandike—

NADÈGE: Haifutike! Iko pahali tatu: hapa Mangobo, Lubunga, na Bafwasende. Ukiharibu moya, zile mbili zinairudisha vile ilikuwa.

URBAIN: Upumbafu gani huu! Nani aliomba—

NADÈGE: Ni mweye, tonton. Mulisema mumechoka, kila mwaka batu banabadirisha majina, banapigana na pagaie za mitumbwi.

[Urbain anakohoa]

NADÈGE: Tonton? Munanisikia?

URBAIN: Rezo ya simu inakatakata.

NADÈGE: Ni jina gani?

URBAIN: Franck. Mutoto wa Bibiche... wa kule Lubunga.

NADÈGE: Lakini niliwauliza mara mbili! "Tonton, batoto yenu ni hawa tu?" Mulijibu: hawa tu.

URBAIN: Tantine yako, muke yangu, alikaa pembeni yangu! Ningesema nini?

NADÈGE: Bon. Naweza kuandika liste ya pili, na Franck ndani. Batu batafuata ile. Atapata pahali yake.

URBAIN: Ah! Merci, mama, mer—

NADÈGE: Lakini ya kwanza inabakia. Mwenye kufungua ya pili anaona na ya kwanza.

URBAIN: Mupaka lini?

NADÈGE: Siku zote.

URBAIN: Donc mutoto ataona kama baba yake alimukana... Hapana! Ifiche! Nakuomba, Nadège!

NADÈGE: Tonton, mashini ya Lubunga, Franck njo anaichunga. Liste ilifika kwake siku ile ile.

URBAIN: Alisoma?

NADÈGE: Alinipigia. Aliuliza kama majina inaishia pale. Nikasema ndiyo. Sikujua, tonton!

URBAIN: Na yeye?

NADÈGE: Alisema merci, akakata.

[kelele za rezo]

URBAIN: Andika ya pili. Umutie wa kwanza. Yeye njo mukubwa ya batoto yangu.

NADÈGE: Nayo nikishaifunga, haifutike. Tantine ataisoma.

URBAIN: Asome! Inite ya simu inaisha... Funga, mama, fu—