Mtani Aliyetutoa Kwenye Kiapo cha Maji

Masheikh, wafiwa, majirani wa Umwe, na ninyi ndugu zetu mlioshuka kutoka milimani kwa miguu, assalamu alaykum. Wazee wa nyumba hii wamenipa mimi, Bashiru, mtoto wa Mwanaidi, kazi ya kuwasomea maisha ya babu yangu, nao wamenionya nisome kwa adabu, lakini mjukuu kwa babu yake ni mtani, kwa hiyo adabu nitaiweka pale itakapopata nafasi.

Marehemu Bwanaheri bin Salehe alizaliwa hapa hapa Umwe mwaka 1882, wakati wa kuvuna mpunga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Salehe na Bi Tatu, nyuma ya kaka yake Huseni, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kupiga kasia, na kumpigania chuoni, maana mdomo marehemu alikuwa nao tangu utotoni. Alisoma Kurani kwa Mwalimu Khamisi, akahitimu mwaka 1895, na waliosoma naye wanasema alichapwa zaidi kwa maneno yake kuliko kwa kukosea aya. Kisha alishuka delta ya Rufiji na kaka yake kukata boriti za mikoko, mpaka Wadachi walipoanza kusomba watu kwenda kulima pamba, na ndugu hao wawili wakarudishwa bondeni kwa viboko.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa bondeni na watu wa milimani walikwenda Ngarambe, wakanywa pamoja maji ya dawa, yaliyoaminiwa kwamba yatazifanya risasi za Wadachi zisidhuru mtu, wakaapa kuwa hakuna kijiji kitakachopigana peke yake, wala kitakachopatana na Mdachi peke yake. Huseni alikunywa, marehemu akanywa baada yake. Septemba Huseni alipigwa risasi ya kifua huko milimani, akazikwa na wenyeji, na mdogo wake hakuwahi kuliona kaburi.

Ilipofika Mei 1906, askari walikuwa wameshachoma ghala zote za milimani, watu wanakula ming'oko, mizizi ya porini, na Wadachi wakatangaza kwamba kijiji cha bondeni kisichoweka silaha chini kitachomewa mpunga ungali shambani, nao wa milimani wakaapa kwamba kijiji kitakachojitoa bila idhini watakishukia wao wenyewe na kukichomea mpunga huo huo. Basi mpunga umeiva, huku moto na huku moto, na watoto wa Umwe hawana chakula kingine. Ilibidi kutoka katika kiapo, na kutoka kwa kukubaliana.

Hapo wazee wetu walifanya kosa ambalo linanishangaza mpaka leo, kwani walimtuma jumbe wao, Mzee Mwinyimvua, mtu mzito kwa umri na kwa busara, wakasahau kwamba binti yake Mwanawetu alikuwa ameolewa na mtoto wa Mzee Nassibu, mkubwa wa milimani. Mtu atamtazamaje mkwewe usoni amwambie, tumekuja kuwaacha? Walikaa kila mmoja kageukia upande wake, wakaulizana habari za wajukuu, za mvua, za miguu inayouma, na Mzee Mwinyimvua akarudi na jogoo wa zawadi, kijiji kizima kimekusanyika kungoja jibu, naye akasema, wanawasalimu sana.

Ndipo marehemu akajitokeza, akasema yeye huko hana mkwe, ana watani tu, na mtani akitukana hapigwi. Alikwenda peke yake, akarudi na makubaliano, lakini alichokisema huko hakuna aliyekijua. Sisi wajukuu tumemuuliza miaka yote, na kila tukimuuliza alikuwa anaomba maji ya kunywa, akinywa anacheka mwenyewe, maji yanampalia.

Leo asubuhi bibi yetu Zabibu, ambaye siku ile alikuwa msichana anayechemsha ming'oko hatua chache kutoka kwenye baraza la mazungumzo hayo, ameniita ndani anakokaa eda, akaniambia nikiseme. Mzee Nassibu, ambaye ni baba yake, alimwambia marehemu kwamba anayetaka kutoka arudishe kwanza maji aliyokunywa, ndipo aende zake. Babu akamjibu kwamba maji yenu nilikwisha kuyakojoa zamani, pale njiani penye mchwa, nendeni mkayachote, lakini kaka yangu mnaye ninyi, basi nirudishieni Huseni, nami nitawachotea Rufiji yote. Bibi anasema hakuna aliyecheka, mpaka Mzee Nassibu alipojifunika uso kwa kanzu yake, mabega yakawa yanatikisika, wala haikujulikana kama analia au anacheka.

Wakapatana kwamba Umwe itoke vitani na isichomewe, kwamba hakuna mtu wa bondeni atakayewaonyesha askari njia za milimani, na kwamba wanawake na watoto wa milimani washuke kuvuna mpunga pamoja nasi, wakae kwenye madungu yetu ya kulindia mpunga mpaka njaa iishe. Mwisho kabisa Mzee Nassibu akaongeza sharti lake, kwamba mdomo huu ukirudi tena hapa utatumaliza, kwa hiyo kijana huyu aoe kwangu, awe mkwe, anyamaze.

Akaoa, tarehe 2 Desemba 1906. Mtu aliyekuwa hakai kimya hata msikitini, tangu siku hiyo akikutana na watu wa milimani anainamisha macho na kupita pembeni ya njia. Nimemuuliza bibi kama babu alinaswa au alijinasisha mwenyewe, akaniambia nina maswali mengi. Walijaliwa watoto watatu, Mwanaidi, Mwanasiti, na wa mwisho Huseni.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwaka jana, akatibiwa kwenye zahanati ya Kibiti, na jana Ijumaa, tarehe 12 Machi 1954, baada ya alfajiri, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi. Tunamshukuru dresa wa zahanati aliyekuwa akija kwa baiskeli bila kuitwa, majirani mliopika na kukesha, na wakulima wenzake waliofukuza ndege shambani kwake alipokuwa hoi. Tunawashukuru pia wajukuu wa Mzee Nassibu, ambao wamekataa katakata mtu wa Umwe ashike jembe, wakachimba kaburi peke yao, wakisema wana mtu wa bondeni wanayemtunza kwao tangu mwaka 1905, na huyu wa pili ni haki yao.

Babu, ukwe wako umekwisha leo. Rudi kwenye mdomo wako, sema unachotaka, sisi hatutakusikia, lakini Huseni anakungoja akusikie. Pumzika naye kwa amani.