Kaburi la Mchimba Makaburi

Kwa heshima na taadhima, redio yetu ya Mucojo, sauti ya mamilioni, inawaletea kumbukumbu ya taifa zima. Haya, si mamilioni. Ni nyinyi mnaoishi kabla ya minazi ya mwisho, tena wenye betri nzima.

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Dauto, mwanafunzi wa bweni kule Pemba mjini, Msumbiji yetu hii, niko likizo. Leo tunamkumbuka Mzee Ussi. Mzee Ussi alituchimbia makaburi miaka arobaini, bila malipo. Alimpima mtu kwa macho tu. Hata mimi alinipima, nikiwa hai, akasema, "Wewe mrefu, utanisumbua."

Alhamisi Mzee Ussi alifariki. Mchimba makaburi alifariki, na wa kumchimbia hakupatikana.

Mnakijua kijiji chetu. Watoto wamejaa kama dagaa. Wazee wapo. Katikati hakuna mtu. Kazi ya gesi ilipotangazwa hapa redioni mwezi wa nne, vijana wote walikodi lori wakaenda Palma. Kazi hawakuikuta. Kurudi wanaona haya, wanangoja langoni mwa kampuni ya gesi. Mjukuu wa marehemu, Aiuba, aliyefundishwa kuchimba, yuko hukohuko.

Basi wazee watatu walichimba tangu alfajiri. Kaburi likafika magotini, wakashindwa. Kwetu jeneza likiinuliwa halishuki njiani. Hupita bega kwa bega mpaka kaburini. La Mzee Ussi lilishushwa mara tano. Watoto walihesabu kwa sauti.

Mjane wake, Bi Biubwa, ninaye hapa studio. Anasema alikuwa ndani, akasikia majembe yamenyamaza mapema mno.

"Yeye aliwazika watu chini sana," anasema. "Mwenyewe tumemwacha juujuu. Nashinda makaburini nafukuza mbwa."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole wafiwa. Na kila mmoja wetu ajiulize, siku yake ikifika, ni bega la nani...

Bi Biubwa amenishika mkono.

"Sauti hii naijua," anasema. "Ndiyo iliyotangaza kazi ya Palma, ikijifanya injinia."

Ni mimi, wasikilizaji. Likizo ile ya mwezi wa nne nilibana pua, nikachanganya Kireno, nikasema wanatakiwa vijana mia mbili. Nilitaka kuwaona wakikimbia tu.

Bi Biubwa hanigombezi. Anasema, "Basi waite warudi, mjukuu wangu."

Aiuba, rudi. Rudini nyote. Kazi haikuwapo, niliitunga mimi.

Lakini redio hii haifiki Palma, bibi. Inaishia kwenye minazi.