Mlango wa Nyuma Ulifunguliwa

Sogeeni wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba ni yenu wote watatu, msiniaibishe kwa kugombania vyumba. Nilichowaitia ni ile tamthilia ya moto wa kiwanda cha nguo, iliyonipa jina mjini kote, ambayo kituo cha televisheni kinataka kuionyesha upya nikishakufa, na ruhusa itakuwa mikononi mwenu.

Nilikaa siku mbili kibarazani kwa mlinzi wa kiwanda, akanieleza alivyofungua mlango wa nyuma, akaingia motoni mara tatu, akatoa wanawake kumi na mmoja. Mikono yake niliiona ilivyoungua. Niliandika yote. Tulipofika sehemu ya nne mtayarishaji akasema watazamaji wanataka mtu wa kumchukia, nami nikakaa pale mezani asubuhi moja, nikamfanya mlinzi akimbie na ufunguo mfukoni, mlango umefungwa. Wewe kifunguamimba ndiye uliyenipigia chapa, ukauliza, "Mama, si ulisema alifungua?" nikakujibu usinipotezee muda, hii ni tamthilia. Mwishoni tuliandika kwamba watu wote ni wa kubuni, lakini mwendo wake wa kuchechemea niliuacha vilevile, na kofia yake ya sufu nilimvika mwigizaji.

Basi wakamwita Ufunguo mpaka sokoni. Mama aliyefiwa na binti motoni alimtemea mate. Siku moja alikuja hapa, kofia mkononi, akasema, "Mwambieni dada aseme ukweli tu," nami nilikuwa jikoni, nimewaagiza mseme sipo. Mkasema. Alizikwa na watu sita, mimi sikuwamo. Naona haya, wanangu, na haya hiyo naondoka nayo.

Sasa nishikieni hili. Ruhusa msitoe. Daftari la kijani chini ya mto wangu lina maneno yake, mpelekeeni bintiye, yule fundi cherehani wa nyuma ya stendi, na akiwafukuza rudini tena. Mwombeni lisomwe siku ya kunizika, maana baba yake sikumwomba ruhusa wala msamaha. Akikataa, nizikeni kimya, tuzo zangu zisitajwe.

Mungu awatunze, mpendane... nipeni maji kidogo. Akikubali, kifunguamimba, usome wewe. Taratibu. Anzia pale... pale anaposema, "Mlango niliufungua mimi."