Masomo Tisa ya Marehemu Aida Anania Nzunda

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Tumaini, mdogo wake wa mwisho, nawasomea maisha ya dada yetu.

Aida alizaliwa tarehe 9 Aprili 1988 huku Igamba, wilayani Mbozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Anania Nzunda na mama yetu Erica.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza mwaka 1996, akamaliza la saba mwaka 2002, na hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Hapa ndipo kikao cha familia cha jana kilipokwama, kwa sababu tangu Februari 2019 marehemu alisoma masomo ya bure ya mtandaoni kuhusu umeme wa jua, kwa simu, akiketi karibu na mashine ya kukoboa kahawa ambako mtandao hushika, na baba yetu mkubwa, mzee Rabson, alisema simu ni ya kupigia, na kama ni elimu basi kiletwe cheti. Cheti hakipo, kwani kusoma kulikuwa bure lakini cheti kililipiwa kwa kadi ya benki, naye kadi hakuwa nayo. Shemeji Boazi, mumewe, akaleta madaftari saba ya marehemu, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili chake upande wa pili, mzee akavaa miwani, akayafunua yote, ukurasa kwa ukurasa, chai yake ikapoa, kisha akaniagiza niyaandike masomo hayo chini ya elimu, si kwenye mengineyo. Kwa hiyo nasoma: alianza masomo tisa, akamaliza matatu, mengine yalikatishwa na bando, na lugha, na msimu wa kuchuma kahawa.

Kwa kazi alikuwa mkulima. Oktoba 2021 aliomba kazi ya ufundi Tunduma, akarudishwa kwa kukosa cheti, na tangu hapo akatengeneza taa na betri za majirani, mpaka mikono ilipoishiwa nguvu.

Alifunga ndoa na Boazi tarehe 12 Septemba 2009 huko Iyula, wakajaliwa watoto wawili, Priska na Brayan.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Vwawa, kisha Mbeya, akarudishwa nyumbani, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki dunia, akiwa na miaka thelathini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Iyula na Igamba, na kwaya ya akina mama. Tunawashukuru pia walimu wa masomo yale, ambao hatuwajui sura, hatuna pa kuwapelekea taarifa hii, na huenda hadi leo wanamhesabu kuwa yupo darasani.

Dada Aida, pumzika kwa amani.