Kipimo cha Kidole Kidogo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhudumia milango ya metro hapa Vienna, Fundi Roswitha Kratochwil anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya kumuaga imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, nadhani kwa sababu makosa yangu yanamtambulisha vizuri kuliko sifa zake.

Alianza karakanani mwaka 1990 akipaka grisi, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha milango. Amezoea mno milango ambayo abiria hujifungulia. Likizoni, katika mji ambao milango ya treni hujifungua yenyewe, alinyoosha mkono kutafuta kishikio akavuta koti la mtu. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe kila tukila maandazi ya jamu, kwa hiyo sitoi siri.

Kisa changu ni kibaya zaidi. Mwaka 2009 nilikuja na shahada, mdomo, na springi mpya ya vishikio, ngumu kweli kweli, ili abiria wasifungue kabla treni haijasimama. Niliijaribu kwa mkono uliozoea kunyanyua vyuma, nikaridhika, nikataka vishikio vyote vibadilishwe. Roswitha hakubishana. Siku ya majaribio alimleta mama yake, Bi Hermine, mwenye miaka themanini na moja na baridi yabisi ya vidole.

Kituo cha kwanza Bi Hermine alivuta kwa mikono miwili. Mlango haukutikisika, treni ikaondoka naye. Nilitaka kumsaidia, Roswitha akanishika shati. Kituo cha pili, yale yale. Cha tatu, bibi aliketi akanitazama.

“Bwana Mhandisi,” akasema, “mimi nilidhani hiki kishikio ni cha abiria.”

Niliona aibu. Springi zangu zilirudi stoo. Tatizo nililojidai kulitatua lilitatuliwa kwa kufuli dogo linaloachia mlango treni ikishasimama, nalo lilikuwa wazo la Roswitha. Tangu hapo hakuna kishikio kilichotoka karakanani kabla hajakifungua kwa kidole kidogo. Nilikiita kipimo cha kitoto, ingawa kwa sauti ya chini.

Msimu wa baridi uliopita, baridi yabisi ilinifikia na mimi. Leo asubuhi, kituoni kwangu, nimefungua mlango kwa kidole kidogo, maana vingine vyote vilikataa.

Asante, Roswitha. Sote hapa karakanani tunakuombea afya, mapumziko marefu, na milango myepesi kila uendako.