Généreuse Nabintu Bisimwa (1961–2025), Aliyepiga Hesabu za Sayari

Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Gracien

Dada yetu Généreuse Nabintu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Kabare, karibu na Bukavu, mtoto wa kwanza kati ya sita. Mama yetu alikuwa akisema huyu alijua kubisha kabla ya kutembea.

Alisoma shule ya masista Bukavu, akamaliza mwaka 1980. Mwalimu wake wa Kilatini, Sista Clothilde, alimwachia nakala ya majedwali yaliyotungwa Toledo, Hispania, zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Ni kurasa za tarakimu tupu. Unatafuta mwendo wa sayari kwa miaka, kwa miezi na kwa siku, unajumlisha, unasahihisha, unajua itakuwa wapi tarehe unayotaka. Dada aliyamudu peke yake, kwa kalamu na karatasi.

Kuanzia 1981 alifundisha hisabati Uvira. Huko alikutana na Émile Bisimwa, muuguzi, akamtajia tarehe ambayo sayari ya Zuhura ingeanza kuonekana alfajiri. Émile akaamka, hakuona kitu. Siku ya tano ndipo ikaonekana, akaja kumcheka.

"Kumbe uliamuka siku zote tano?" Dada akamuuliza.

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985.

Vita vya 1996 viliwatoa Uvira. Walivuka ziwa, wakaishi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na saba. Majedwali yalivuka nao kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwaka 2013 walifika Garland, Marekani. Vyeti vyake vya ualimu havikutambuliwa, akapanga mizigo ghalani. Jumapili alifundisha watoto kanisani.

Mwaka 2019 mchungaji wetu wa wakati ule aliliona daftari alimoandika hesabu zake za sayari, akamwita mbele ya wazee wa kanisa. Nilikuwepo.

"Mama Josué, hii ni kupiga ramli. Uichome."

"Pasta, mi sipigi ramli, niko napiga hesabu. Mupiga ramli haandike makosa yake. Angalia: huku ni vile jedwali linasema, huku ni vile niliona na macho. Hapa ilikosea. Na hapa tena."

"Uchome, ama uache kufundisha watoto."

"Sitachoma."

Wakamwondoa. Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha mbele kabisa, na kila Jumapili baada ya hapo.

Tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilipokaribiana jioni, watoto kumi na wanne walikuja na wazazi wao kwenye maegesho ya nyumba alimokuwa akipanga. Jedwali lilikuwa limekosea kwa siku nyingi. Aliwaonyesha kosa hilo kwanza, ndipo akawaonyesha mbingu.

"Bibi, so the book is wrong?" mtoto mmoja akauliza.

"Ndiyo. Sasa tupime imekosea kiasi gani."

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimpa miezi mitatu; Dada akamtaka aeleze ameipataje hesabu hiyo. Alihamia Stafford, kwa mwanawe Josué. Aliishi miezi tisa, akifuatilia Mirihi mpaka mkono ukakataa kushika kalamu. Hapo akawa anataja tarakimu, binti yake Clarisse anaandika. Alifariki tarehe 12 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Émile akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Josué na Clarisse, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wanne tulio hai.

Baadhi yenu mlitupigia simu wiki hii, mkituomba tuandike hapa kwamba mwishoni alitubu. Hatukuandika. Hakutubu, maana hapakuwa na dhambi. Anakwenda kwa Mungu aliyeziumba sayari hizo hizo. Apumzike kwake, kwa amani.